Sailensa au bomba tupu? Nimelima na zote mbili kwenye Massey 135

Hukumu naitoa mapema ili mwenye haraka zake aondoke nayo: kama trekta lako la zamani linalima kutwa nzima na kuna binadamu amekaa juu yake, funga sailensa, ule mtungi wa kupunguza kelele kwenye bomba la moshi (ekzosi). Bomba tupu, yaani ekzosi isiyo na sailensa, liachie trekta la maonyesho, au lile linalotoka mara moja kwa wiki kwenda kuvuta tela la maji. Mwenye nafasi abaki tuongee, maana hapa Karatu jambo hili tumelibishania sana, hasa kwenye foleni ya dizeli mvua zinapokaribia na kila mtu ana trekta lake na maneno yake.

Langu ni Massey Ferguson 135 la dizeli, injini ya Perkins yenye silinda tatu, lita mbili na nusu, nguvu za farasi kama 45 lilipokuwa jipya. Aina hii ilianza kuuzwa mwishoni mwa 1964 ikaendelea hadi katikati ya miaka ya 1970, na mengi yalitoka kiwanda cha Banner Lane kule Coventry, Uingereza. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2002. Matrekta yake bado yapo mashambani Karatu, Mbulu na Babati, mengine yamebadilishwa karibu kila kitu isipokuwa jina. Spea zake hazisumbui, kila fundi ameshawahi kulifungua, na ndiyo maana mtu akitaka trekta la kuanzia maisha bado anaulizia 135 kabla hajaulizia lingine lolote.

Nililinunua kwa mzee mmoja upande wa Mbulumbulu likiwa tayari na bomba tupu. Na ninaposema bomba tupu simaanishi kitu cha dukani kinachong'aa. Lilikuwa bomba la maji la inchi mbili, lile la chuma lililopakwa zinki, limekatwa kama mita moja na nusu na kuchomelewa juu ya elbo (kona ya chuma) inayotoka kwenye manifodi, pale moshi wa silinda zote unapokusanyika. Halina kona, halina kifuniko. Kifuniko chake kilikuwa kopo la maziwa ya unga, linavikwa kichwani mwa bomba jioni trekta likishazimwa, mvua isiingie. Asubuhi dereva wangu akisahau kulitoa, injini ikishika tu kopo linaruka juu, linagonga bati la banda, kuku wanatawanyika na mama mwenye kuku anatoka kuja kuuliza tuna nini na yeye.

Hilo kopo msilicheke. Bomba lililosimama wima bila kifuniko ni mdomo uliofunguliwa kuelekea mbinguni. Maji yakiingia yanashuka hadi kwenye manifodi, na injini inapozimwa kwa kawaida kuna valvu ya ekzosi iliyosimama ikiwa wazi, kwa hiyo maji yanaweza kwenda hadi ndani ya silinda. Yakiwa kidogo yanaleta kutu kwenye ringi na kuta za silinda. Yakiwa mengi, siku ukipiga stata pistoni inapanda na kukutana na maji yasiyobanika, na kinachopinda ni koni rodi, ule mkono unaoshika pistoni. Kwa hiyo kama unaendelea na bomba tupu baada ya kusoma haya yote, nunua angalau kile kifuniko cha chuma chenye bawaba, kinachoinuka chenyewe moshi ukitoka na kurudi ukizima. Ni bei ya soda chache.

Sasa nilipe haki yake bomba tupu, kwa sababu wanaolipenda si wajinga. Kwanza ni rahisi. Fundi wa kuchomelea yeyote mwenye grenda anakutengenezea mchana huohuo kwa kipande alichonacho. Pili haliozi upesi, na ndani yake hakuna kitu cha kukatika na kuziba njia. Tatu, na hili ndilo la maana kuliko yote, linasema ukweli wa injini. Silinda tatu zikifanya kazi sawasawa zinatoa mdundo unaoweza kuuhesabu kwa kidole. Kuna siku tunalima, mdundo ukabadilika, mmoja ukawa unakosekana. Dereva alisimama kabla hata moshi haujabadilika rangi. Ilikuwa nozeli, kinyunyizio cha dizeli, ya silinda ya kati. Kwa sailensa angeshtuka, sikatai, ila nadhani angelima mistari miwili mitatu zaidi.

Halafu kuna raha yake. Plau ikizama kwenye udongo mweusi na injini ikabebeshwa mzigo, bomba tupu linatoa sauti nzito inayokufika kifuani, na kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekaa kwenye usukani anajiona mfalme wa bonde zima. Dereva wangu alikuwa na neno moja tu la kulitetea. "Mzee, hapa linapumua." Kila nikigusia sailensa: linapumua. Nikamwambia sawa, tutaona linavyopumua kwenye kulima.

Hapa ndipo mabishano mengi yanapozaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Shamba lilelile, udongo uleule ukiwa na unyevu wa kulingana, plau ya diski mbili, gia ileile, mkono wa mafuta umewekwa alama ya chaki. Tanki linajazwa hadi shingoni asubuhi na kujazwa tena jioni kwa kidumu, unajua umetumia kiasi gani kwa ekari ngapi. Kwa bomba tupu na kwa sailensa, tofauti ya dizeli ilikuwa ndogo kuliko ile inayotokana na dereva kukata kona vibaya. Tofauti ya mwendo sikuiona, na yeye, akibanwa, hakuiona. Alichokisema ni kwamba "linasikika lina nguvu". Hilo ni kweli kabisa.

Sababu yake si uchawi. Kwenye injini ya dizeli, nguvu inaamuliwa na mafuta ambayo pampu inaingiza. Hewa injini inavuta tu kadiri inavyoweza, na kama ni nzima, hewa inakuwapo ya ziada. Pampu ya 135, ile ya CAV, ina kikomo chake cha mafuta kilichofungwa na fundi. Ukitoa sailensa, pampu haipati habari. Inaendelea kuingiza kilekile. Kitu pekee ambacho bomba pana linaweza kukusaidia ni pale sailensa ya zamani ilipokuwa imeziba, na hapo dawa ni sailensa nzima, si kukosa sailensa. Tena injini hii inazunguka mara 2,000 na kidogo kwa dakika ikiwa imepandishwa kabisa, na haina tabo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini. Moshi wake unapita kwenye sailensa ya saizi yake bila shida yoyote.

Wapo wa upande wa pili nao, wanaosema ukiondoa sailensa valvu zinaungua kwa sababu injini "inakosa kizuizi". Hawa nao wanaongeza chumvi. Valvu inaungua kwa sababu haikai vizuri kwenye kiti chake, au nafasi ya tapeti (ule upenyo unaoachwa juu ya valvu) imebana ikawa haifungi sawasawa, au kwa injini za petroli, mchanganyiko ni wa hewa nyingi mafuta kidogo. Mzee aliyeniuzia alikaa na bomba tupu miaka, na nilipofungua kichwa cha injini kwa shughuli nyingine valvu za ekzosi zilikuwa zimechoka kawaida tu, kwa umri. Kwa hiyo asikutishe mtu na valvu. Sababu za kufunga sailensa ziko kwingine, na ya kwanza iko pande mbili za kichwa chako.

Jioni ya siku ya kulima na bomba tupu, dereva wangu anashuka na kuongea kwa kelele. Unamuuliza jambo kwa sauti ya kawaida, anakujibu kama yuko ng'ambo ya korongo. Usiku anasema masikio yanalia ngiii, asubuhi yamenyamaza, basi anaona yamepona. Hayaponi. Kila siku kunaondoka kidogo. Hapa kijijini kuna wazee walioendesha matrekta ya mashamba makubwa ya ngano enzi hizo, ukienda kuwasalimu lazima ukae upande wa sikio zuri, na wengine hawana upande mzuri.

Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako. Kama lazima upaze sauti ndipo akusikie, kelele iko kwenye desibeli 85 au zaidi. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulika na usalama na afya kazini, inasema desibeli 85 mwisho wake ni saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja. Matrekta ya zamani yasiyo na kebini yanavuka 90 yakiwa na sailensa yake nzima, kwa hiyo hesabu mwenyewe bomba tupu linakuacha na dakika ngapi, na msimu ukianza dereva halali hadi ekari za watu ziishe. Kwenye langu, kwa bomba tupu, kupaza sauti hakukutosha. Ilikuwa ni kupunga mikono.

Na kutosikia si suala la uzeeni tu. Siku moja mti uliolala ardhini uliingia kwenye diski za plau, ukawa unaburutwa. Mtoto wa jirani aliyekuwa pembeni na mbuzi wake aliona, akakimbia nyuma ya trekta akipiga kelele. Dereva hakusikia kitu. Mtoto akakimbia hadi usawa wa tairi kubwa la nyuma, akalipiga kwa fimbo. Nilikuwa upande wa pili wa shamba, nikaona jinsi mguu wake ulivyokuwa karibu na lile tairi. Mti ungetuvunjia boliti moja. Mambo ya mguu wa mtoto siyaandiki.

Jirani wa kusini analima kwa ng'ombe. Bomba tupu likipita kwenye mpaka, maksai wake wanainua vichwa na kuacha mstari, na mwenye maksai anaacha jembe na kuniangalia. Usiku ndiyo balaa. Vuli ikichelewa halafu ikaja ghafla, tunalima hadi saa nane za usiku kwa taa, na bomba tupu linasikika vijiji viwili. Niliwahi kuletewa salamu na mwenyekiti wa kitongoji, salamu zenye adabu kabisa, kwamba kuna mzazi ana kichanga. Wapo pia wanaosema bomba tupu linafukuza tembo wanaoshuka kutoka msitu wa Ngorongoro kuja kwenye mahindi. Labda. Ila tembo wanakuja usiku trekta likiwa bandani, na mahindi yakishakuwa marefu hakuna anayelima.

Halafu kuna moto, na hili wanaoshabikia bomba tupu hawapendi kuliongelea. Injini ya dizeli ikiunguruma muda mrefu bila mzigo, masizi yanajikusanya ndani ya bomba. Ukiipa mzigo ghafla, moto wa ekzosi unayabandua, na baadhi ya vipande vinatoka vikiwa vyekundu. Mchana huvioni. Usiku unaviona vizuri mno. Kwenye bomba tupu hakuna cha kuvizuia, vinapanda moja kwa moja na kushuka vinakotaka. Juu ya udongo uliolimwa havina madhara. Ila huku kwetu trekta hilohilo linakwenda kubeba magunia kwenye mabua makavu ya ngano na shayiri mwezi wa nane, upepo wa mchana unapiga, na cheche moja inatosha. Sailensa yenye vyumba ndani inavigonga na kuvivunja hivyo vipande kabla havijafika nje. Haizimi cheche zote, maana kifaa cha kuzuia cheche ni kingine kabisa, lakini inapunguza sana. Mwenye kulima karibu na ngano ya mwenzake anajua "kupunguza sana" kuna thamani gani.

Basi nikaenda Arusha kununua. Nilipita maduka kadhaa ya spea za matrekta na nikakuta sailensa za 135 za aina tatu. Moja ya India, nzito, imepakwa rangi ya fedha. Moja ya Uturuki, nyepesi kidogo lakini mishono yake imechomelewa safi, imezunguka bila kuruka. Ya tatu haikuwa na maandishi ya nchi yoyote, nyeusi tii, bei yake nusu ya zile mbili. Muuzaji wa duka moja, silitaji, alikomaa na hii ya tatu. Kwamba zote ni zilezile, zinatoka kiwanda kimoja, tofauti ni rangi.

Nikamwomba tochi. Ukimulika upande mmoja wa sailensa na kuchungulia upande wa pili unajifunza mengi. Ukiona mwanga moja kwa moja na ukuta wa ndani una matundu, hiyo ni ya bomba lenye matundu lililozungushiwa ganda: inapitisha moshi vizuri na inapunguza kelele kiasi. Usipoona mwanga kabisa, ndani kuna vyumba na vizuizi, moshi unazunguka: inapunguza kelele zaidi, ila siku vizuizi vikioza na kuanguka vinaziba njia. Ile nyeusi ilikuwa na mwanga moja kwa moja na haikuwa na tundu hata moja. Bomba tupu lililovishwa koti. Nilimwonyesha muuzaji, akachungulia na yeye, akasema hiyo ni ya kisasa.

Ukimaliza tochi, itikise karibu na sikio. Kitu kikigonga ndani kikiwa kipya, kwako kitagonga zaidi. Igonge kwa kucha ubavuni. Bati jembamba linalia kwa sauti ya juu na kuendelea kulia, nene linatoa mlio mfupi na kunyamaza. Halafu tafuta tundu dogo sehemu ya chini ya ganda, karibu na shingo ya kuingilia. Wengi wanadhani ni kasoro na wanaliziba kwa kulehemu. Liache. Kila lita ya dizeli ikiungua inazaa karibu lita nzima ya maji, yanatoka kama mvuke, na injini ikiwa haijapata moto sawasawa sehemu yake inapoa na kuwa matone ndani ya sailensa. Hilo tundu ndiyo mlango wa kutokea. Ukiliziba, maji yanabaki na kula bati kutoka ndani, na siku unagundua kidole kinapita.

Nilichukua ya Uturuki, ya vyumba. Laki moja haikuisha. Ile ya India ningeichukua bila kinyongo kama si uzito wake. Na uzito si kitu cha kupuuza. Kila kinachosimama juu ya elbo kinatikisika na injini siku nzima, na mtikisiko wote unashuka kwenye shingo ya elbo na stadi za manifodi, zile boliti zisizo na kichwa zinazoishika elbo. Hapo ndipo nilipoanza kulielewa lile bomba la maji la mzee. Bomba la inchi mbili la aina ile lina karibu kilo tano kwa kila mita. Mita moja na nusu ni kilo saba na nusu za chuma zinazotikisika bila mkono wa kuzishika, ndefu kuliko sailensa yoyote. Elbo ilikuwa imeshapata ufa kwa nyuma, umekaa umejaa masizi, na ndio uliokuwa ukitoa ule mlio wa tss-tss ambao siku zote dereva aliuita sauti ya kupumua.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja kama mambo yanakubali. Hayakukubali. Nati za elbo zilikuwa zimeungana na stadi kwa kutu na joto. Tulizilowesha kwa mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya breki usiku kucha, asubuhi fundi akazipasha moto kwa gesi na kuzigonga pembeni kwa nyundo ndogo kabla ya kutia spana. Moja ilikubali, nyingine ikakatika na stadi ndani. Drili, toboa, kata uzi upya. Fundi mwenye subira anatumia nusu siku hapo, fundi asiye nayo anakuharibia manifodi. Kisha omba nati za shaba badala ya zile za chuma za kawaida. Haziungani na stadi kwa kutu, na siku ya kufungua tena utanikumbuka. Gasketi mpya, elbo mpya, sailensa inaingia juu ya elbo na kubanwa kwa klampu. Mimi niliongeza kipande cha bati nene kutoka kwenye boliti ya injini kushika shingo ya sailensa. Hakuna duka lililoniuzia hicho, fundi alikitengeneza pale pale.

Angalizo kwa mafundi wa kuchomelea, maana nimeona vijana wakifanya: kuchomelea bomba lenye zinki bila kuikwangua kwanza kunatoa moshi mweupe unaoleta homa usiku, baridi na kutetemeka kama malaria. Kwangua zinki, kaa upande upepo unakotoka. Maziwa hayatibu.

Matokeo? Kelele haikwisha, tusidanganyane. Bado kuna mlio wa injini yenyewe, feni, gia za nyuma. Lakini ule mpigo mkali uliokuwa unaingia kichwani umeondoka, ukabaki muungurumo. Sasa nikisimama karibu na tairi la nyuma nikaongea kwa nguvu, dereva ananisikia. Jirani wa maksai amepungua kuniangalia. Dereva mwenyewe alinuna siku mbili za mwanzo, akawa anasema trekta limekuwa zito. Siku ya tatu aliweka simu yenye muziki kwenye mfuko wa shati na sijasikia tena habari ya uzito. Nimemnunulia na vizibo vya masikio vya kuvaa juu, kwa sababu kwa hesabu ya NIOSH sailensa peke yake haitoshi kwa saa anazolima. Anavivaa nikiwapo.

Kasoro nazo zipo. Rangi iliungua ndani ya wiki ya kwanza, imebaki kijivu na madoa ya kutu. Anayetaka trekta la kupigia picha apake rangi ya kuhimili joto kabla ya kufunga. Baada ya kukaa bandani kiangazi, nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo kwenye mdomo wake, kwa hiyo kifuniko chenye bawaba bado kinahitajika hata kwa sailensa. Na kama matumizi yako ni safari fupifupi, unawasha, unakwenda kisimani, unazima, itaoza mapema kuliko ya anayelima kutwa, kwa sababu haipati joto la kukauka. Kwa mtu wa namna hiyo, bomba tupu refu lenye kifuniko si wazo baya. Masikio yake hayakai hapo saa nane.

Wenye kahawa upande wa Oldeani wana habari yao tofauti. Bomba lililosimama, liwe tupu au la sailensa, linavunja matawi na kuunguza majani ya miti ya kivuli. Huko Massey za zamani zinafungwa ekzosi ya kulala, inayopita chini na kutokea nyuma, kama zilivyokuwa Ferguson nyingi za mwanzo. Ni nzuri kwa kahawa. Usiingie nayo kwenye mabua makavu, na waliopanda tela watakula moshi.

Na wale wa maonyesho, hasa Marekani, wanaopaki John Deere za silinda mbili, zile zilizoendelea kutengenezwa hadi 1960, na kuziacha zipige pop, pop mbele ya watu na mabomba yao wazi: nawaelewa kabisa. Trekta linawashwa dakika kumi, watu wanapiga makofi, linazimwa. Ningekuwa na la namna hiyo nami ningeliacha wazi.

Mwisho ni vipimo, maana ndipo watu wanaporudi dukani mara ya pili. Usitaje tu "135" ukategemea muuzaji atajua. Elbo zimebadilishwa sana kwa miaka yote hii, nyingine si za Massey kabisa. Pima kipenyo cha nje cha shingo ya elbo, na kipenyo cha ndani cha shingo ya sailensa, kwa kipimo cha chuma si kwa kamba. Pima urefu pia: mdomo wa juu uwe juu ya kichwa cha dereva akiwa amekaa, la sivyo moshi unamrudia usoni upepo ukigeuka. Kama elbo imeshatoka kwenye trekta, ifunge kwenye gazeti uende nayo Arusha mkononi. Wenye Ford 5000 na Fiat fanyeni hivyohivyo, ila ya Massey haitawaingia, hata muuzaji akiwaapia.